Pointi Mbili za Popomvuke

Jumanne, 1 Julai

Orodha mpya ya mchezo wetu wa mazimwi imetoka! Nimeamka kabla ya mke wangu Hana, nimejifunika blanketi hadi kichwani, nimesoma nani kapanda na nani kashuka. Kila tarehe moja ni hivi hivi. Zimwi likipendwa sana na wakubwa wa Daraja la Tatu, linapanda huko na sisi tunalikosa. Likisahaulika, linatushukia Daraja la Nne. Sisi ni watu wa kuokota. Ndiyo maana kikosi chetu kinaitwa Mabaki.

Habari mbaya: Kobetope kapanda. Miezi minane nimemjengea timu yule kobe, leo kachukuliwa kama mchumba. Habari mbaya zaidi: Kozimeme kashuka. Kozi wa umeme, ndege mwindaji mwenye kasi ya kichaa, akitangulia kukupiga umekwisha. Kundi letu la simu limelipuka. Bevan, kapteni wetu, kaandika kutoka kwao Ballarat kwa herufi kubwa tupu: KOZIMEME JAMANI. MTALIA.

Nikajibu: Ataliwa huyo. Nipe siku tatu.

Nikaenda kazini, duka la rangi, nikiwa na kichwa kilichojaa mazimwi. Mzee mmoja kaagiza rangi ya kijivu, nimemchanganyia ya kijani. Kanitazama. "Wewe kijana, unaumwa?" Hapana, nafikiria kuku wa umeme. Sikumwambia hivyo, bila shaka.


Ijumaa, 4 Julai

Timu niliyomjengea dada Losa kwa mechi ya Jumapili imekamilika. Nzuri, nzuri, nzuri! Nimeitazama kama mtu anavyotazama gari lake jipya.

Watu hawaelewi kazi ya fundi. Wanaona mchezaji anashinda, wanampigia makofi. Hawajui kwamba kila zimwi lina pointi zake chache tu za kugawa — nguvu, ngozi, kasi — na kila pointi unayoipa kasi umeinyima ngozi. Wajinga wanajaza kasi mpaka juu. Mimi hapana. Mimi natoa kasi inayotosha kumtangulia adui kwa moja, basi, zinazobaki naziweka kwenye ngozi. Wenzangu wananiita Fundi Bahili. Naipenda hiyo, siwezi kudanganya hapa.

Nimeweka Popomvuke mbele. Popo wa mvuke ndiye dawa ya Kozimeme: akitangulia kupuliza tu, kozi kwisha. Nimemchukua yule yule wa timu ya Mei, kama alivyo. Amekaa sawa, sina haja ya kumgusa. Yale matano mengine nimeyajenga upya, na hayo ndiyo yaliyokula siku tatu.

Dada Losa kapita hapa baada ya zamu yake kule kwenye nyumba ya wazee, bado na sare, miguu imevimba. Ana miaka arobaini na sita, ndiye mkubwa kuliko sote Mabaki. Mchezo alifundishwa na mwanawe Iosua, na Iosua alipohamia Brisbane kufanya kazi ya ghala, mama akaendelea peke yake. Miaka miwili amekaa akiba. Msimu huu ndiyo mara ya kwanza anacheza. Kila Jumapili Iosua anapiga simu, anatazama mechi ya mama yake, wanabishana mwanzo mpaka mwisho. Dada anasema ndiyo siku pekee mtoto anapiga bila kubembelezwa.

Kaketi jikoni, kavua viatu. Kaniuliza, "Mdogo wangu, huyu popo atamtangulia yule kozi? Maana mimi hesabu zenu hizi sizijui. Nikiambiwa ruka, naruka."

"Atamtangulia. Nimehesabu, dada."

Sikuhesabu. Lakini najua.

Kaondoka anaimba. Timu nimeiweka kwenye faili la kikosi, ambalo wote tunaliona, na yeye kainakili kwenye simu yake hapo hapo mezani.


Jumapili, 6 Julai

 Niandike kwa mpangilio.

Mechi saa tisa alasiri. Mechi ya mwisho ya makundi, tunahitaji sare tu kwenda nusu fainali. Wenzetu wawili wa Perth wamecheza mapema: mmoja kashinda, mmoja kapigwa. Bevan kashinda. Tumebaki na dada Losa. Mimi nyumbani, chai mkononi, hita miguuni, watu kumi na wawili kwenye kundi tunatazama.

Dada kaanza vizuri mno! Yeye huyapa mazimwi yake majina ya shangazi zake wa Samoa. Popomvuke ni Shangazi Fiapule, kwa sababu, anasema, naye akifungua mdomo nyumba nzima inajaa mvuke. Watu wanacheka, wanaandika: Fiapule! Fiapule! Adui kabakiza wawili, dada kabakiza watatu. Adui anamtoa Kozimeme. Dada anamtoa Fiapule. Mimi nimeshaweka kikombe chini nipige makofi.

Kozimeme katangulia.

Kampiga Fiapule mara moja, chini. Kisha akafagia wawili waliobaki. Kwisha.

Kundi likajaa kelele. Mmoja wa Perth: lazima kozi alivaa viatu vya kasi. Wakaangalia marudio. Hapana — zimwi hubeba kifaa kimoja tu, na kozi alikuwa na mkate wa kuponya, kila mtu kauona akiula. Basi popo ndiye mzito. Bevan akaandika, kwa upole, "Pole dada, umecheza vizuri. Fundi, ulimpa kasi ngapi yule popo?"

Nikafungua faili.

249.

 Mei, mwenye kasi kuliko wote kwenye daraja letu alikuwa na 248. Kwa hiyo 249, pointi moja juu, ubahili wangu ule ule wa kujisifia. Kozimeme anafika 250. Nilihitaji 251. Nimesoma orodha Jumanne, nimeandika "ataliwa huyo", halafu nikamwacha popo na nguo za Mei. Mtoto wa juzi asingekosea hivi!

Sasa naandika jambo lenyewe. Hakuna mtu atakayesoma hapa, basi niliandike.

Nilifuta 249. Nikaandika 251. Nikapunguza mbili kwenye ngozi ili jumla ikae sawa — hata hilo nililikumbuka, Mungu wangu, hilo nililikumbuka. Nikahifadhi. Halafu nikamjibu Bevan: "251. Faili liko wazi, angalieni."

Haikufika dakika moja. Sikuamua. Vidole viliamua. Au ndivyo ninavyojiambia.

Bevan kaangalia. "Kweli, 251. Dada Losa, ulibadilisha kitu?"

Dada akaanza kuandika. Tukaona zile nukta za mtu anayeandika, zinakuja, zinapotea. Halafu: "Nilifungua kuweka jina la Fiapule. Sikumbuki kugusa kingine. Lakini vidole vyangu vinene na simu yangu ndogo. Labda nilisogeza mstari wa kasi. Samahanini."

Hapo ndipo ningesema. Nafasi ilikuwa kubwa kama mlango wa kanisa.

Bevan akasema tumepita hata hivyo, sare inatosha. Lakini sheria ya Mabaki ni moja, kazi ya fundi haiguswi bila kumwambia fundi, na Jumapili ijayo, nusu fainali, atacheza mwingine. "Si adhabu dada. Pumzika wiki moja."

Wiki moja. Tukitolewa wiki hiyo, msimu umekwisha.

Dada akaandika: "Sawa kapteni. Nimeelewa." Akafunga simu. Hana kaniuliza mbona chai imepoa. Nimemwambia dada Losa kafungwa.


Jumatatu, 7 Julai

Nimefungua faili mara sita kazini. Bado 251. Sijui nilitegemea nini.


Jumanne, 8 Julai

Kaja dukani! Saa sita mchana, nimeinama nafunga makopo, nasikia, "Mdogo wangu." Nikagonga kichwa kwenye rafu.

Kasimama na mfuko wa chakula, nyama na viazi vikuu vya jana. Kaniletea mimi. Kasema, "Najua una hasira, hujajibu meseji zangu. Una haki. Umejenga siku tatu, mimi nikaharibu kwa kidole kimoja."

Nikasema, "Usijali dada. Hutokea."

Hutokea! Nimelirudia neno hilo siku nzima. Mtu anakuletea chakula aombe radhi kwa kosa lako, na wewe unamsamehe! Nimemsamehe, mimi! Na sauti yangu ilikuwa ya upole, ya mkubwa anayemfariji mdogo. Nilijisikia nikiongea nikataka kuingia ndani ya kopo la rangi nijifunge.

Halafu kacheka, akasema Iosua kamwambia kwamba kwa kuwa mama hachezi Jumapili, ataomba zamu ya ziada kule ghalani. "Afadhali, maskini, apate pesa kidogo. Mimi nitalala mchana, nimechoka." Anacheka, huku anaangalia rangi za ukutani, hanitazami. Kauliza kijivu kipi kizuri kwa jiko. Nikamwonyesha vitatu. Hakununua.

Chakula sikukila. Nimempa mwenzangu wa stoo. Kasema kitamu sana.


Jumatano, 9 Julai

Bevan kapiga simu. Bevan hapigi simu, huandika. "Mzee, akiba pekee tuliye naye ni wewe."

Mimi sichezi. Kila mtu anajua. Najenga, sichezi, mikono inatoka jasho. Nikamwambia hivyo.

"Timu ni yako, hesabu ni zako, nani anaijua kuliko wewe? Chukua ile ile ya dada Losa. Jumapili saa kumi."

Nilitafuta sababu ya kukataa. Sababu niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Nikasema, "Sawa kapteni."

Kwa hiyo nimechukua na kiti chake.


Alhamisi, 10 Julai

Iosua kaniandikia. Faragha. Hatujawahi kuandikiana zaidi ya salamu.

"Kaka Nikau. Mama hagusi kitu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Akibadilisha jina huweka simu mezani, huvaa miwani, huandika kwa kidole kimoja, dakika nzima kwa jina moja, mpaka namtania. Hawezi kusogeza mstari asijue. Ni wewe?"

Nikaandika: "Angalia faili."

"Faili nimeliona. Nakuuliza wewe."

Sikujibu. Aliona nimesoma.

Basi akaenda kuliweka jambo lile kwenye kundi, mbele ya watu wote: fundi ndiye aliyekosea na fundi anajua. Nikawaza, haya, yamefika, asante Mungu, sasa yatakwisha. Nilikuwa nimekaa kwenye gari nje ya duka, nangoja wanishike.

Wakamrukia yeye! Mmoja wa Perth: "Dogo, Fundi hajakosea hesabu hata mara moja tangu nimjue." Mwingine: "Mama yako mwenyewe kakubali, wewe unabisha nini?" Bevan: "Iosua, wewe si mchezaji wa Mabaki, uliruhusiwa kutazama tu. Mheshimu Fundi au utoke." Kisha kanigeukia: "Fundi samahani kwa hili. Tunakuamini."

Nami nikaweka alama ya kidole gumba chini ya maneno hayo. Kidole gumba! Kama mtu anayekubali kuletewa gazeti.

Iosua katoka kwenye kundi. Sijui kama alimwambia mama yake.


Ijumaa, 11 Julai

Hana kanikuta naosha bakuli la paka ambalo lilikuwa safi.

"Kuna nini kati yako na Losa?"

"Hakuna kitu."

"Nimekutana naye sokoni. Kaniomba nikuambie usimkasirikie. Machozi yanamlengalenga, Nikau! Mtu mzima! Kwa sababu ya mchezo wa mazimwi?" Akaweka mfuko mezani kwa nguvu, machungwa yakatoka. "Yule mama alilala sakafuni hospitali na mimi nilipojifungua, wewe ukiwa kazini. Na unamnunia. Aibu, wallahi si hivyo ulivyo."

Nikasema nitaongea naye.

Nilivyosikia afueni! Naandika kwa sababu lazima niandike mahali: nilipata afueni kwamba Hana anafikiri nina kinyongo. Mume mnunaji anasameheka. Nimechagua hicho kuliko kile kingine, palepale, bila kufikiri, kama vile Jumapili.

Machungwa mawili yameingia chini ya friji. Sijayatoa.


Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi niliandika meseji kwa Bevan. Mistari mitatu. Popo alikuwa 249. Kosa langu. Nilibadilisha faili baada ya mechi. Nzuri, fupi, kila kitu kipo. Nikaiweka pembeni nipumue kwanza.

Halafu nikaanza kuikagua timu ya kesho. Maana popo akiwa 251 ngozi yake imepungua mbili, na je, anahimili bado pigo la Jongoochuma, zimwi jingine la daraja letu? Nikahesabu. Anakufa! Kwa kiwango cha chini kabisa, lakini anakufa. Nikahamisha pointi nne kutoka nguvu. Basi hamwui tena Kozimeme kwa pumzi moja. Nikambadilishia kifaa, nikarudi nyuma, nikajaribu tena, nikapata! 251, anahimili, anaua. Pointi moja tu imebaki bila kazi. Nilipiga meza. Hana kauliza nimeshinda nini.

Saa mbili nzima sikumkumbuka dada Losa hata kidogo. Nilikuwa na furaha kabisa.

Niliporudi kwenye ile meseji nikaona si wakati mzuri. Kesho nusu fainali, kuwavuruga wenzangu ni ubinafsi. Nikaifuta. Neno hilo nililitumia kichwani, ubinafsi, na nikaliamini kwa kama dakika tano.

Nitasema Jumatatu. Nimeandika hapa: Jumatatu.


Jumapili, 13 Julai

Saa tisa na robo. Mechi saa kumi. Niko mezani jikoni, naandika haraka.

Dada Losa yupo hapa. Katoka kanisani moja kwa moja, bado na kofia yake nyeupe, kaja na sinia ya mikate ya tui la nazi, bado ya moto. "Fundi hachezi na tumbo tupu." Kamkumbatia Hana. Mimi kanipapasa bega kwa sababu sikusimama vizuri.

Kaketi. Kavaa miwani. Kasema ana jambo.

Kumbe Jumapili ile, kwa uchungu, aliufuta mchezo wote kwenye simu. Jana kaurudisha, ili leo anitazame mimi. Na timu zake zote zikarudi, kila moja kama alivyoiacha. Akamfungua Fiapule.

"Nikaangalia ile kasi," kasema. "Mdogo wangu, ni 249. Imeandikwa pale pale. Faili lako 251, langu 249." Kaigeuza simu nione. Ilikuwa 249. Jina Fiapule, na chini yake 249. "Kwa hiyo ni mimi. Wiki nzima sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inasema, Losa, hukugusa. Nilikuwa nabisha kimoyomoyo. Nilikuwa na hasira na wewe hata, nisamehe, kuna usiku niliwaza labda ni Nikau. Jana nimeona kwa macho yangu. Sasa nimetulia."

Nikasema, "Dada—"

"Ngoja nimalize. Iosua naye alikutukana, nimejua juzi tu. Nimempigia asubuhi, nimemtumia picha ya hiyo 249, nimemwambia, tazama, mama yako ndiye aliyekosea, na wewe umemvunjia heshima mtu aliyetusaidia. Alinyamaza! Huyu mtoto ambaye hanyamazi. Kisha kasema, sawa mama. Atapiga kwenye simu yangu akipata mapumziko, akuombe radhi mwenyewe."

Hana alikuwa amesimama kwenye jiko, ananitazama mimi, si yeye. Anangoja niseme neno la kiungwana. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa kwenye mkate.

Nilisema nini? Nilisema, "Dada, haina haja."

"Ina haja. Kikosi kinaingia nusu fainali, lazima mioyo iwe safi." Kaandika ujumbe wa kundi zima. Kauandika kanisani, wakati wa matangazo, kasema Mungu atamwelewa. Kanipa simu. "Mimi kuandika kwangu kubovu. Soma, rekebisha maneno, halafu utume wewe mwenyewe. Nikituma mimi nitalia." Akatoka na Hana kwenda kuchukua viti vya kanisa alivyovibeba garini, maana wanataka kukaa sebuleni wote wawili wanishangilie.

Simu iko hapa, mbele yangu. Nimesoma mara tatu. Nanakili, sijui kwa nini nanakili:

"Wapendwa Mabaki. Nimehakikisha. Mimi ndiye niliyeharibu kasi ya popo, ushahidi ninao. Fundi hakukosea kitu. Hata siku moja hakunisema vibaya, alinipokea kwa upole wakati wenye hasira wangekuwa na haki. Mkimwona leo anacheza, mjue anacheza kwa ajili yangu. Mwanangu ataomba radhi. Asanteni kwa kunivumilia. Losa."

Hakuna cha kurekebisha. Ametumia herufi kubwa mahali pote panapostahili.

Kitufe cha kutuma kiko pale chini. Cha kufuta kiko juu. Na mimi nina simu yangu mwenyewe hapa kando, kundi lile lile liko wazi, Bevan ameshaandika: Fundi, uko tayari? Ningeweza kumjibu kwa mstari mmoja. Zimebaki dakika ishirini na tano.

Wanacheka huko nje. Kiti kimegoma kutoka.

Simu ya dada inaita. Imeufunika ule ujumbe, kioo kizima ni picha ya Iosua na kofia ya ghala, anatabasamu.

Naandika badala ya kupokea. Najiona nikifanya hivyo.

Dada anapiga kelele kutoka kwenye gari: "Pokea, mdogo wangu, huyo ni wako!"

Imekatika.

Inaita tena.